Tapeti hazipimwi kwa sikio

Wapo mafundi wanaorekebisha tapeti kwa sikio. Injini ikinyamaza, wao huridhika. Mimi sikubaliani nao, kwani ukimya huo waweza kuwa dalili ya kukaza mno. Chuma kikipata moto hutanuka. Pasipo nafasi ya kutosha, ambayo aghalabu haifiki nusu milimita, valvu haifungi barabara, gesi ya moto hupenya, na valvu ya ekzosi huungua. Injini ya kawaida ya gari ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 kwa sekunde. Kosa la unywele hurudiwa mara hizo zote.

Walimu wa ufundi, msimpitishe mwanafunzi asiyetumia geji na kufuata vipimo vya mtengenezaji. Anayebahatisha chuoni atabahatisha gerejini, na hasara ataibeba mwenye gari.