Thamostati Isikukwamie Njiani

Msomaji, ikiwa gari lako ni la miaka mingi na hujui thamostati yake ilibadilishwa lini, usipakie watoto kwenda nalo mashambani kabla hujamwona fundi.

Ni kifaa kidogo, hakijazi kiganja, na ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, huyazuia maji yasiende kwenye rejeta ili ipate joto upesi. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, au zaidi kidogo katika baadhi ya magari, nta huyeyuka, ikavimba na kusukuma mlango ukafunguka.

Kikizeeka hukwama. Kikikwama wazi, injini hukaa baridi na kubugia petroli. Kikikwama kimefungwa, gari huchemsha, na ukilazimisha kupanda mlima kutoka Mai Mahiu, hedi itapinda na gasketi yake itaungua. Gharama hiyo ingenunua thamostati nyingi.

Wapo mafundi watakaokuambia, "Hii tutoe tu, nchi yetu ni ya joto." Katalia mbali! Asubuhi ya Julai kule Limuru haina joto lolote, na hata Mombasa injini isiyopata moto wake huchakaa mapema.

Mwambie fundi aweke mpya, na gasketi yake, siku ya kubadilisha maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa. Ukiitilia shaka hiyo mpya, itumbukize kwanza katika sufuria ya maji jikoni uone kama itafunguka kabla hayajatokota. Lakini isiwe sufuria ya ugali.