Alichogawa Ndicho Kilichobaki

Mwezi huu tunamzungumzia mtu ambaye hakuwa Mkristo, lakini maisha yake yana jambo la kutufundisha sisi akina mama. Aliyewahi kufika Nairobi anaijua Bustani ya Jeevanjee, katikati ya mji. Kwa miaka mingi wahubiri wamesimama pale saa ya chakula cha mchana wakilitangaza Neno, na wafanyakazi wasio na fedha za hoteli wamepumzika chini ya miti yake. Je, ni wangapi kati yetu wanaojua Jeevanjee alikuwa nani?

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 huko Karachi, mji ambao leo uko Pakistan, katika jamaa ya Waislamu wa Bohora. Alifika Mombasa mwaka 1890 kufanya biashara. Reli ya Uganda ilipojengwa, alipewa kazi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula. Nairobi ilipoanza kuwa mji, alijenga maduka, soko na nyumba za kupangisha. Hata gazeti la Standard la Kenya, lililoitwa African Standard hapo mwanzo, lilianzishwa naye.

Lakini katika mji wa kikoloni fedha haikutosha kumpa mtu heshima. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengwa kwa ajili ya Wazungu, naye tajiri huyu hakuruhusiwa kuigusa. Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kupata nafasi hiyo. Alikuwa mmoja peke yake kati ya Wazungu. Mwaka 1910 alikwenda London kupeleka malalamiko ya watu wake.

Hatumfanyi malaika. Haki aliyoipigania ilikuwa hasa ya Wahindi wenzake. Huko London alifikia hata kushauri koloni hilo liunganishwe na himaya ya India, kana kwamba Waafrika, wenye nchi, hawakuwapo. Mtu anaweza kuumizwa na dhuluma, na bado asione machozi ya jirani yake. Hilo nalo tulitafakari, hasa sisi tunaolalamika kanisani na huku nyumbani tuna msichana wa kazi ambaye hatujamlipa.

Jeevanjee alifariki mwaka 1936. Kufikia wakati huo sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa imepotea. Kilichobaki na jina lake, kinachojulikana hata na mtoto wa barabarani, ni kile kipande cha ardhi alichowapa watu wa Nairobi mwaka 1906 ili wapate mahali pa kupumzika. Tunamkumbuka yule tajiri wa Injili ya Luka aliyewaza juu ya ghala zake tu. Alichojiwekea hakikumfaa.

Na hata bustani hiyo nusura ipotee. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza mahali pa kuegesha magari na majengo ya biashara. Aliyesimama kuukataa ni mwanamke, mjukuu wake, Zarina Patel, na Wangari Maathai akamuunga mkono. Siku hizo kupinga jambo la wakubwa halikuwa jambo dogo. Mpango ukaachwa. Zarina aliijua habari ya babu yake, ndiyo maana aliweza kusema kwa uhakika kwamba mahali pale ni mali ya watu. Baadaye, mwaka 1997, alitoa kitabu juu ya maisha yake.

Basi akina mama, tujiulize. Je, binti zetu wanajua shamba la familia lilipatikanaje, mpaka wake uko wapi na hati yake imewekwa wapi? Mara ngapi baba anafariki na mjane anaambiwa hana lake, kwa sababu mambo yote yalikuwa kichwani mwa mume? Zungumzeni mkiwa wazima. Waiteni watoto wote, wa kike na wa kiume, muwaeleze. Tena msisahau kutenga kitu kwa ajili ya wengine, hata kama ni kivuli cha mwembe kando ya njia.

Mungu azibariki nyumba zenu.