Daftari la Wiki: Filamu imebaki, onyesho limekwenda

Kwaheri ya Florida

Tarehe 7 Juni 2025, onyesho la vikaragosi liitwalo Muppet*Vision 3D lilichezwa kwa mara ya mwisho katika Disney's Hollywood Studios, bustani ya burudani iliyo karibu na mji wa Orlando, Florida, Marekani. Kwa vipimo vya Disney lilikuwa onyesho dogo: filamu ya robo saa hivi, ukumbi wa viti visivyofika 600, na mara nyingi mgeni aliingia bila kusota kwenye foleni. Lilifunguliwa tarehe 16 Mei 1991, kwa hiyo lilidumu miaka 34. Novemba 2024 kampuni ilitangaza kuwa eneo lile litapisha ujenzi wa eneo jipya la Monsters, Inc., filamu ya katuni ya mwaka 2001. Tangu hapo mashabiki walitia saini maombi ya kulinusuru, wakasafiri kwenda kuliaga, na siku za mwisho wakajipanga kwa wingi mbele ya mlango ambao kwa miaka mingi ulipitika kwa urahisi. Wapo waliotoka wakifuta machozi. Watu wa pembeni walishangaa: mtu mzima, mwenye kazi na familia, analilia vikaragosi? Ninaamini mashabiki wale walikuwa na hoja, na hoja yao inasimama yenyewe bila kuombewa huruma. Walijua vizuri kuliko wengi kwamba kinachofungwa ni onyesho zima, na kwamba filamu ilikuwa kiungo kimoja tu cha onyesho hilo.

Ukumbi uliokuwa ukicheza

Tazama jinsi lilivyotengenezwa. Kermit, yule chura wa kijani, anawakaribisha wageni kwenye skrini, nao wamevaa miwani ya 3D. Lakini juu kwenye roshani ya ukumbi wenyewe wamekaa wazee wawili, Statler na Waldorf, sanamu zinazoendeshwa kwa mitambo, wakilalamikia kila kinachoonyeshwa kama walivyozoea katika kipindi cha televisheni cha The Muppet Show, kilichorekodiwa Uingereza na kuonyeshwa kati ya mwaka 1976 na 1981. Mbele, chini ya skrini, pengwini wanapiga muziki. Nyuma, kwenye chumba cha projekta, yuko mpishi wa Kiswidi. Katikati ya onyesho dude kubwa lenye manyoya, Sweetums, linatoka kwenye filamu na kuingia ukumbini: ndani yake yuko mwigizaji halisi anayepita kati ya watazamaji. Mapovu yanadondoka kutoka juu. Mwishoni mambo yanaharibika, mpishi anafyatua mzinga kutoka nyuma ya vichwa vya watu, kuta zinaonekana zimetoboka, na Kermit anatokea kwenye tundu akiwa juu ya ngazi ya gari la zimamoto. Kichekesho chote kinategemea mtazamaji kuwa ndani ya jengo linalobomolewa. Ukiitazama filamu hiyo sebuleni kwako utaona chura anazungumza na mtu asiye wewe, na mzinga unalipua ukuta ambao haupo.

Uangalifu huo ulianzia nje, kabla mtu hajakaa. Kwenye dirisha la mlinzi palikuwa na kibao kilichoeleza kwamba mhusika ametoka kidogo na ufunguo uko chini ya mkeka. Aliyeinua mkeka aliukuta ufunguo. Maelfu walipita bila kuinua kitu, na hakuna mtu aliyeongeza bei ya kiingilio kwa ajili ya ufunguo ule. Aliwekewa yule mmoja mwenye udadisi. Mashabiki wanaozitaja chembechembe kama hizo huambiwa wanashughulikia mambo madogo mno. Mimi naona wanatoa ushahidi. Kazi ya sanaa hujulikana kwa mambo ambayo fundi aliyafanya bila kulazimika kuyafanya, na onyesho hili lilijaa mambo ya namna hiyo.

Sauti za waliotangulia

Aliyeliongoza onyesho hili ni Jim Henson, muasisi wa vikaragosi waitwao Muppets. Alifariki tarehe 16 Mei 1990 akiwa na umri wa miaka 53, kabla kazi haijakamilika, na wenzake wakaimalizia. Onyesho lilifunguliwa mwaka mmoja kamili baada ya kifo chake. Sauti ya Kermit iliyosikika ukumbini ilikuwa yake, miongoni mwa kazi zake za mwisho. Mwenzake Richard Hunt, aliyempa sauti mzee Statler, alifariki Januari 1992, chini ya mwaka mmoja baada ya ufunguzi. Hivyo kwa zaidi ya miaka 30 watu waliingia pale wakaisikia kazi ya mikono na makoo ya marehemu wawili, ikichezwa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake, mbele ya hadhira mpya kila baada ya dakika chache. Msanii wa vikaragosi huacha vitu vichache sana nyuma yake. Sanamu bila mkono ni kitambaa na sponji. Mashabiki walipoliita jengo lile kumbukumbu ya Henson, walikuwa wanataja sifa yake halisi.

Wasomaji wa Kiswahili hatuko mbali na mkono huo kama inavyodhaniwa. Henson ndiye aliyewaumba vikaragosi wa Sesame Street, kipindi cha watoto kilichoanza Marekani mwaka 1969, na ni kutoka familia hiyo kilikuja Kilimani Sesame, kipindi kilichotengenezwa Tanzania kwa Kiswahili, ambacho pamoja na mengine kiliwafundisha watoto kujikinga na malaria. Aliyewahi kumwona mtoto akimjibu kikaragosi kana kwamba ameulizwa na jirani anaelewa nguvu ya sanaa hii, na hatahitaji kuelezwa kwa nini kuna watu walioibeba hadi utu uzima.

Hoja za upande wa pili

Pingamizi la kwanza ni la umiliki: mali ni ya Disney, ifunge inapotaka. Kisheria ni kweli na sitabishana. Lakini tukumbuke mali hii ilivyopatikana. Mwaka 1989 Henson na Disney walitangaza kwamba kampuni itawanunua Muppets. Henson akafariki, mazungumzo yakavunjika Desemba 1990, na ni mwaka 2004 tu ndipo Disney ilipowapata. Onyesho lilizaliwa katika mapatano yale ambayo Henson mwenyewe hakuuona mwisho wake. Anayenunua kazi ya msanii hununua haki ya kuitumia, na papo hapo huipokea kama amana. Haki ya kufunga haifuti wajibu wa kutunza.

Pingamizi la pili ni la umri. Walt Disney mwenyewe alisema bustani yake haitakamilika kamwe, kwamba itaendelea kukua na kubadilika. Sawa, lakini kampuni yake haichukulii umri kuwa kosa pale isipotaka. Carousel of Progress, mchezo wa jukwaani uliotengenezwa kwa maonesho ya dunia ya New York ya mwaka 1964, bado unachezwa Florida. Chumba cha ndege waimbao, Enchanted Tiki Room, kilichofunguliwa California mwaka 1963, bado kinaimba. Kile cha Florida kilibadilishwa mwaka 1998 ili kiende na wakati, na mwaka 2011 kampuni ikayaondoa mabadiliko yale na kurudi kwenye mtindo wa awali. Wahenga walishaonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mabadiliko yanakubalika, ila kila badiliko lijibu swali la nini kinapotea.

Pingamizi la tatu ni kwamba Muppets hawakufukuzwa, wamehamishiwa kwenye Rock 'n' Roller Coaster, treni ya kasi iliyo katika bustani hiyohiyo. Hapa ndipo kipimo kinapokosewa zaidi. Treni ile hutoka kwenye kusimama hadi kilomita zaidi ya 90 kwa saa ndani ya sekunde tatu hivi, na mtoto asiyefika sentimita 122 haruhusiwi kuipanda. Kwenye ukumbi wa Kermit hapakuwa na kipimo cha urefu. Bibi mwenye magoti mabovu, mjamzito na mtoto wa miaka miwili walikaa safu moja, wakapumzika mbali na jua la Florida, wakacheka pamoja. Jina la Muppets limehama, ila huduma waliyokuwa wakiitoa haikuhama nalo.

Pingamizi la nne ndilo lenye uzito kwangu: walikuwa wapi mashabiki hawa wakati viti viko wazi? Lina ukweli. Wengi walilipita onyesho kwa imani kwamba litakuwepo daima, wakakimbilia kipya. Hata hivyo, foleni fupi haithibitishi kwamba kitu hakipendwi. Ukumbi unaopokea mamia kwa mkupuo mmoja hauwezi kuwa na foleni ya kivutio kinachobeba watu wachache kwa zamu. Ufupi wa foleni ulikuwa sehemu ya wema wake. Bustani inayohesabu dakika za kusubiri kama ushahidi wa mapenzi itavifunga kimoja baada ya kingine vile vinavyowapumzisha wageni, kisha itashangaa wanatoka wamechoka.

Kwa anayesema duniani kuna misiba mikubwa kuliko huu, ninamkubalia mara moja. Hakuna shabiki aliyedai vinginevyo. Moyo unaomlilia Kermit ndio huohuo unaowalilia wanadamu.

Kilichowahi kurudi

Historia ya mashabiki wa bustani hizi inafundisha. Mwaka 1997 iliposikika kwamba Mr. Toad's Wild Ride ya Florida itafungwa, mashabiki walivaa fulana za kupinga na kukusanyika mbele yake. Ilifungwa Septemba 1998 licha ya hayo. Lakini Captain EO, filamu ya Michael Jackson iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1986 na kuondolewa miaka ya 1990, ilirejeshwa mwaka 2010 baada ya kifo cha msanii huyo, kwa sababu mkanda ulikuwepo na kumbi zilikuwepo. Kelele za mashabiki mara nyingi hazizuii kufungwa. Kinachorudi baadaye ni kile kilichotunzwa kwa namna inayoruhusu kurudi.

Kwa haki, kampuni ilitoa taarifa zaidi ya miezi sita mapema, muda uliowatosha wengi kwenda kuaga, na ilisema inatafakari namna bora ya kuihifadhi filamu na sehemu nyingine za onyesho. Kuhifadhi filamu ni kazi nyepesi. Uzito uko kwenye hizo sehemu nyingine: wazee wa roshani, pengwini, chumba cha projekta, kuta zinazotoboka, na maelezo ya mafundi kuhusu jinsi vyote vilivyofungwa kwenye saa moja. Vikitawanywa, kimoja ghalani na kingine kwenye kabati la maonyesho, vitabaki vitu vizuri visivyosema lolote. Vikiwekwa pamoja na michoro yake, siku moja mtu ataweza kuusimamisha ukumbi ule tena.

Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote anayemiliki onyesho dogo, liwe la Disney au la kikundi cha vikaragosi cha mtaani, ni hili: kabla hujafunga, lirekodi kutoka kwenye kiti cha mtazamaji ukumbi ukiwa umejaa, weka vyombo vyake pamoja, na waulize mashabiki wanakumbuka nini, maana wao ndio wenye orodha kamili. Na kwa msomaji: kama lipo onyesho dogo unalolipenda, usingoje tangazo la kufungwa. Lipa kiingilio wiki hii, na umchukue mtoto uende naye.