TAHARIRI: MVUA TUIPIME, TUSIIKISIE



Mkutano wa wiki iliyopita ulivunjika usiku bila uamuzi. Kilichotugombanisha ni mbegu. Wenzetu wa kitongoji cha juu walipanda mtama na alizeti kwa mvua ya kwanza ya Desemba, kisha jua likawaka, mbegu zikafia ardhini. Sasa wanaomba Chama kiwakopeshe mara ya pili. Wenzetu wa bondeni wanasema mvua ile ilikuwa ya kulaza vumbi tu, nani aliwatuma wapande? Wa juu nao wanajibu kwamba kwao korongo lilipitisha maji. Kila upande uliapa. Hakuna aliyeleta namba.

Sisi tunaona inawezekana wote wanasema kweli. Mvua za mwanzo hapa kwetu Dodoma huja na wingu moja moja. Upande huu wa kilima mtu analowa chapachapa, upande wa pili mwenzake anafagia vumbi. Lakini ghala la Chama halifunguliwi kwa kiapo. Mbegu ni jasho la wote, na zikitolewa ovyo mwaka huu, mwakani tutagawana magunia matupu.

Wapo watakaosema: "Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza redioni na kwenye simu, makopo ya nini?" Ndugu, utabiri ule tuusikilize sana. Lakini utabiri wa msimu, ule wa Novemba hadi Aprili, unasemea eneo kubwa: mvua itakuwa ya wastani, au juu yake, au chini yake. Haukuambii shamba lako limepata kiasi gani jana. Tena huo wastani wenyewe ni wa wapi? Dodoma mjini hupata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Za kijiji chetu hakuna anayezijua. Wazee wanaikumbuka mvua ya elnino ya 1997/98, lakini waulize ilikuwa milimita ngapi. Haikuandikwa, basi imepotea.

Tuelewane kwanza milimita ni nini. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa eka nzima ni kama lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Wataalamu wengi wa kilimo huhesabu mvua ya kupandia kuwa imeanza zikipatikana kama milimita 20 ndani ya siku moja hadi tatu. Hayo ni mapipa 400 kwa eka. Manyunyu ya milimita 5 yananukia vizuri, lakini hayaoteshi mtama mpaka ukasimama.

Kituo cha nyumbani si mradi wa fedha nyingi. Fanyeni hivi:

1. Chukua chupa kubwa ya plastiki iliyonyooka ubavuni. Kata kichwa, kigeuze kiwe faneli juu yake. Kitazuia maji yasikauke upesi. Kitako kina mabonde, kwa hiyo kisawazishe kwa saruji. Hapo juu ya saruji ndipo sifuri. Pima maji kwa rula.

2. Anayetaka usahihi zaidi atumie faneli yenye mdomo wa sentimita 11.3. Kwa mdomo huo, kila mililita 10 za maji ni milimita moja ya mvua. Vuta maji kwa bomba jipya la sindano la mililita 10, kama lile la kuchanjia mifugo. Bomba moja, milimita moja. Hata nusu milimita utaiona.

3. Usiweke kopo chini ya mti wala kando ya paa. Kama mwembe una urefu wa mita 8, kaa mita 16 au zaidi. Mdomo uwe sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini, matone ya kuruka yasiingie. Zungushia miiba, maana mbuzi hawajui takwimu.

4. Pima kila siku saa 3 asubuhi, andika, kisha mwaga. Isiponyesha andika 0. Siku ambayo hukupima, andika "haikupimwa". Usiweke sifuri ya uvivu! Sifuri ya uongo inaharibu daftari kuliko ukurasa mtupu.

Mwenye kipimajoto asikitundike juani wala chini ya bati, kitapima joto la bati. Kiwekwe ndani ya sanduku jeupe la mbao lenye mianya ya kupitisha hewa, urefu wa kifua cha mtu mzima. Watoto wetu wanajifunza hayo shuleni, tuwape kazi ya kutusaidia.

Tuseme ukweli pia: kopo halitabiri. Linaeleza yaliyopita tu, na baada ya milimita 20 jua bado linaweza kuwaka wiki mbili. Lakini daftari la miaka kumi litatuonyesha ni mara ngapi mvua ya mwanzo wa Desemba ilitudanganya. Hiyo ni akiba ambayo hakuna wa kutuletea kutoka nje.

Basi, rai yetu kwa mkutano ujao ni hii. Mwaka huu waliopoteza mbegu wakopeshwe nusu ya kiasi cha kwanza, na iwe wiki hii, maana Januari haingoji. Chama hakikuwa na kipimo cha kuwaonya, kwa hiyo si haki kuwaachia mzigo wote. Lakini kuanzia msimu ujao, kila kitongoji kiwe na kopo lake na wapimaji wawili wa nyumba mbili tofauti, ili asije mtu akaongeza maji ya ndoo kwa tamaa ya mbegu. Kila Jumamosi namba ziletwe ofisini na zibandikwe ukuta huu huu, kila mtu azione. Kitongoji kikifikisha milimita 20 ndani ya siku tatu, ghala lifunguliwe kwa kitongoji hicho. Anayetaka kupanda mavumbini kabla ya hapo, ruksa, ila kwa mbegu zake mwenyewe.

Makopo yaanze kazi sasa, msimu ungalipo. Tusingoje Desemba nyingine tuje kuapizana tena.

TUPIME, TUANDIKE, TUPANDE!

Kamati ya Gazeti la Ukutani