Kujua Watu Watendavyo na Kujua Ipasavyo

Wako watu wasemao: « Siku hizi elimu ya kuchunguza na kupima yatosha, filosofia ya maadili ni maneno matupu. » Wengine hujibu: « Ajuaye wajibu wake hana haja ya hesabu za wataalamu. » Wote wawili wameona nusu ya jambo.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1973, huko Marekani, wataalamu wa saikolojia John Darley na Daniel Batson walitangaza uchunguzi wao juu ya waseminari 40 wa Princeton. Kila mmoja alitumwa kwenda nyumba ya pili kutoa hotuba fupi: wengine juu ya Msamaria mwema, wengine juu ya kazi ziwafaazo waseminari. Njiani, penye mlango, alikuwapo mtu ameinama, akikohoa na kuugua, aliyewekwa pale makusudi. Nani angesimama?

Kati ya walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, 10 tu kwa mia walimsaidia. Kati ya wenye nafasi, 63 kwa mia. Lakini watafiti hawakuona kwamba somo la Msamaria lilileta tofauti ya hakika.

Mwaka 1999 mwanafilosofia Gilbert Harman alitumia uchunguzi huo na mwingine kama huo kusema kwamba pengine hakuna tabia njema ya kudumu. Hapo tupambanue. Hesabu zaonyesha watu walivyotenda, hazisemi walivyopaswa kutenda. Hata kama wote wangalipita, wajibu wao kwa yule mgonjwa ungalibaki uleule. David Hume wa Scotland alikwisha kuwaonya, mwaka 1740, waandishi warukao toka « ndivyo ilivyo » hadi « ndivyo ipasavyo » pasipo kutoa sababu.

Hata hivyo tusidharau uchunguzi. Afundishaye wema bila kujua udhaifu wa mwanadamu ni kama mganga atoaye dawa asiyempima mgonjwa. Filosofia yatuambia twende wapi. Uchunguzi watuonyesha palipo na shimo njiani. Na shimo hili ni haraka. Mtu aweza kumpita jirani yake pasipo kuwa na roho mbaya, yatosha amechelewa.

Basi, wazazi, msiwape watoto amri ya upendo tu, wapeni na nafasi ya kuitimiza. Mtoto afokewaye kila asubuhi ili akimbie shuleni atamwonaje kikongwe aliyeelemewa na mzigo? Mwamsheni mapema kidogo.