Ngoja Ngoja ya Arusi: Kicheko cha Senema, Kilio cha Mahakama

Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Watunzi wa michezo waligundua zamani kwamba ngoja ngoja hiyo hiyo, ikiwa ni ya arusi, huwavunja watu mbavu kwa kicheko. Mrusi Nikolai Gogol alitoa mwaka 1842 mchezo wake uitwao Ndoa, ambamo bwana arusi, saa yenyewe ikiwa imewadia, aliruka dirishani akatoroka. Miaka 170 baadaye, yaani 2012, Wamarekani wakatoa senema ya The Five-Year Engagement, iliyoongozwa na Nicholas Stoller. Humo Tom, mpishi wa San Francisco, anamposa Violet. Lakini Violet anapata kazi katika chuo kikuu huko Michigan na arusi inaahirishwa. Inaahirishwa tena, na tena. Mababu na mabibi waliotamani kuiona siku hiyo wanafariki mmoja baada ya mwingine, na dada yake Violet, asiyekuwa na mpango wowote, anatangulia kuolewa. Mwisho wanaoana bustanini, na mtazamaji anakwenda zake ameridhika.

Sasa na tuuhamishe mchezo huo hadi Machakos. Mji huo ni ndugu wa zamani wa Pwani: kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka na pembe hadi Mombasa, na mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi, alijulikana sana huku kwetu. Tena wakati wa ugavana wa Bwana Alfred Mutua, kuanzia 2013, kaunti hiyo ilijitangaza kuwa makao ya senema za Kenya kwa jina la Machawood. Basi bwana na bibi wetu wa mchezo si wageni pale. Tatizo ni kwamba Machakos mchezo huu hauishii bustanini. Mara nyingi huishia mahakamani, na mmoja wa wachezaji wakuu huwa yumo jenezani.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa mila ya Wakamba, ndoa huthibitishwa kwa ntheo, yaani mbuzi wanaopelekwa nyumbani kwa wazazi wa msichana. Mahari yenyewe huweza kulipwa polepole kwa miaka mingi, wala hapana anayeshangaa mtu akiwa bado anadaiwa na wakwe zake hali ana wajukuu. Lakini ntheo haina deni. Bila ya ntheo, wazee watasema huyu ni rafiki tu, si mke.

Vijana wengi wa leo hupanga chumba pamoja, wakazaa, wakasomesha, huku wakiambiana kwamba watakwenda kwa wazazi "mwaka ujao, mambo yakikaa sawa". Mwaka ujao huleta karo, mwingine huleta ukame. Na hata aliye na mbuzi wa ntheo huona haya kwenda nao peke yao, kwani ameshaona arusi ya jirani yenye kamati ya michango, hema, keki na msururu wa magari. Kikubwa alichokikosa humzuia kufanya kidogo alichonacho.

Halafu bwana hufa. Hapo ndugu zake hujitokeza na kuuliza: ntheo ililetwa lini, na nani alishuhudia? Katika kesi za maziko na za mirathi zilizosikizwa katika Mahakama Kuu ya Machakos, swali hilo limerudi tena na tena. Mwanamke aliyepika, aliyelima na aliyeuguza hutakiwa alete mashahidi wa mbuzi. Akishindwa, huenda akakosa hata haki ya kusema mumewe azikwe wapi.

Zamani mahakama zilikuwa na huruma ya kuwachukulia watu waliokaa pamoja miaka mingi kuwa ni mume na mke. Mlango huo haukufungwa, lakini umebanwa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba dhana hiyo ya ndoa itumike kwa nadra, na kwamba anayedai ndiye atakayethibitisha, pamoja na kuonyesha kuwa wote wawili walikusudia kuoana. Kukaa pamoja peke yake hakutoshi.

Na bado sheria imewarahisishia watu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kuhusu ndoa ya kimila, inasema kwamba pale mahari yanapohitajika, kutoa sehemu ndogo ya kuonyesha nia kunatosha kuwa ushahidi, kisha msajili aarifiwe katika miezi 3. Haikutaja hema wala keki. Ama ahadi tupu ya kuoa, sheria hiyo hiyo imeipa uzito mdogo sana: haimfungi mtu, ingawa aliyepata hasara kwa kuvunjiwa ahadi aweza kudai fidia. Basi aliyeahidiwa "mwaka ujao" mara saba hana ndoa. Ana maneno saba.

Msomaji wa Pwani huenda akasema: hayo ni ya bara, sisi tuna nikaha. Ni kweli, na tumshukuru Mwenyezi Mungu. Walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli, basi mambo yamekwisha. Mahari yenyewe yaweza kutolewa taslimu au kuahirishwa kwa makubaliano. Mtume (S.A.W.) alimwambia masikini mmoja atafute hata pete ya chuma, alipoikosa, alimwozesha kwa sura za Kurani alizokuwa amezihifadhi.

Lakini tusicheke mkundu wa nyani hali wetu hatuuoni. Ni vijana wangapi katika mitaa yetu waliokwisha kukubaliwa posa, na bado wangojea? Hawangojei nikaha, wangojea kitanda, kabati, dhahabu, ukumbi na nguo za sare za mashangazi. Mahari huwa mepesi, lakini mambo yanayoambatana nayo huwa mazito kuliko mahari. Na nikaha nayo ikishafungwa msikitini, wangapi hufuatilia cheti chake? Sheria ya 2014 yataka ndoa zote zisajiliwe, yetu pia. Mjane asiyekuwa na cheti huweza kujikuta mbele ya kadhi akitafuta mashahidi ambao wengine wameshafariki, kama vile mwenzake wa Machakos atafutavyo mashahidi wa mbuzi.

Hapa ndipo mila hizi mbili zinapokutana. Wazee wa Kikamba na mafakihi wa Kiislamu, bila ya kushauriana, waliitenganisha ndoa na sherehe. Kila upande uliweka jambo dogo lifungalo ndoa, ambalo hata masikini aliweza, na jambo kubwa la furaha ambalo laweza kungoja. Sisi tumeligeuza: kubwa limetangulia, na dogo limewekwa rehani.

Machakos ikitaka kutengeneza senema ya wachumba waahirishao arusi, kisa inacho tayari, na watu watacheka. Lakini mtunzi mkweli hataweza kuwaficha watazamaji yale yapitayo penye kaburi. Wazazi walio na vijana waliokwisha posana, wa bara na wa Pwani, wasingojee senema hiyo. Wapokee mbuzi waliopo au mahari yaliyopo, ndoa ifungwe na cheti kichukuliwe. Karamu ikichelewa haimdhulumu mtu.