Klabu za anga zisiwe za Nairobi peke yake

Majuzi, nikiwa Garsen, niliwauliza wanafunzi wa shule moja ya upili swali jepesi: roketi hurushwa kutoka wapi? Wengi walijibu Marekani. Mmoja akataja Urusi. Hakuna aliyetaja Ngomeni, ingawa basi litokalo Malindi kuja Garsen hupita si mbali na hapo. Sikuwalaumu. Mtoto hawezi kukijua asichoambiwa.

Ghuba ya Ungwana, ile ile inayopokea maji ya Mto Tana huko Kipini, ndimo Waitalia walimosimamisha jukwaa la San Marco. Kati ya 1967 na 1988, roketi ziliondoka hapo zikipeleka setilaiti angani. Sababu ya kupachagua mahali hapo mwalimu wa fizikia aweza kuieleza kwa kipindi kimoja: ni karibu na ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo huisaidia roketi ielekeayo mashariki. Mnamo Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Ikaitwa Uhuru. Jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni. Katika madaftari ya wanafunzi wale wa Garsen halimo.

Anayetaka kujifunza mambo ya anga hana budi kufunga safari ya Nairobi. Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa mwaka 1927, iko Uwanja wa Wilson. Chuo cha East African School of Aviation kiko Embakasi. Siwaonei kijicho watu wa Nairobi. Ninachouliza ni kwa nini mtoto wa Tana asipate walau mlango wa kuchungulia.

Najua nitajibiwa kwamba watu waliokumbwa na njaa na mafuriko hawana haja na roketi. Jibu hilo nalipinga. Mto Tana hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mpokomo aliyelima ukingoni na Muorma aliyelaza ng'ombe wake bondeni hufurikiwa na mvua ambayo hawakuiona, huku mbingu ya Garsen ikiwa nyeupe. Ndivyo yanavyoweza kuja mafuriko, na miaka ya 1997, 2023 na 2024 hatujaisahau. Jicho liwezalo kuiona mvua ya milimani na mto wa bondeni kwa pamoja ni lile lililo angani. Aprili 15, 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, kutoka California, ili ipige picha za nchi yetu. Picha zitamfaa nani, ikiwa wanaoishi kando ya mto hawajafunzwa kuzisoma?

Kwa hiyo nawasihi walimu wa fizikia na jiografia waanzishe klabu za anga shuleni. Hazihitaji ndege. Zahitaji kijiti chenye vipimo kilichosimikwa mtoni, daftari la kuandikia kimo cha maji kila asubuhi, ramani, na picha za setilaiti zipatikanazo bila malipo. Mara moja kwa mwaka wanafunzi wapelekwe Ngomeni wakalione jukwaa kwa macho yao. Wataalamu wa Nairobi nao waje Garsen wawaeleze kwamba kazi za anga si urubani tu: kuna mafundi, waongozaji wa ndege na watabiri wa hali ya hewa.

Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto aanzaye leo kwa kupima kina cha mto huenda kesho akawa ndiye atakayetuonya kwamba maji yanakuja, wakati ambapo bado kuna nafasi ya kuhamisha watoto, wazee na mifugo.